Mikia ya Maneno: Vile Nomino za Kiingereza Zinaundwa, na Zinafanya Nini Ndani ya Stori

Ukisoma stori fupi ambazo vijana wa Nairobi wanaandika kwa Kiingereza, na mimi nasoma nyingi juu watu hunitumia drafti zao niwapitishie macho, kuna kitu kimoja utakutana nacho karibu kila ukurasa: nomino ndefu. Wanjiru haogopi, ila kunakuwa na "apprehension" ndani yake. Baba hatoki nyumbani, kunakuwa na "departure". Watoto hawacheki, kuna "amusement". Na huyo mwandishi ana kipaji kabisa, ukikaa naye akupigie stori kwa mdomo unasahau kushuka stage yako, lakini akianza kuandika Kiingereza kila tendo linageuka nomino na stori yote inaanza kunuka ofisi.

Sababu naijua, sote tumepita hapo. Shuleni unapewa pengo, kwenye mabano kuna "decide", unaandika "decision", maksi unapata, swali linalofuata. Ni zoezi zuri na sina ubaya nalo. Lakini linakufundisha vile hiyo nomino inaundwa, halikufundishi inafanya nini kwa sentensi ikishaingia, na kwa mtu anayeandika stori hapo ndipo kuna maneno yote. Mkia wa neno unabeba historia, unabeba sauti, na kubwa kuliko yote, unaamua kama msomaji ataona aliyetenda au hatamwona.

Tuanzie chini kidogo. Kiambishi tamati, na mimi nitaita tu mkia, ni ile sehemu inayobandikwa mwisho wa neno kulitoa aina moja na kulipeleka aina nyingine. Kivumishi "kind" ukikibandika -ness unapata "kindness", jina la sifa. Kitenzi "refuse" na -al ni "refusal", jina la tendo. "Teach" na -er, jina la mtu. Kiswahili kazi hiyo tunaifanya mbele na nyuma kwa pamoja, kutoka soma tunapata msomaji, msomi, usomaji, usomi, somo, kisomo, na hakuna mtu wa kwetu anachanganya msomaji na msomi. Msomaji ni yeyote ameshika gazeti, msomi ni habari nyingine. Hilo sikio tunalo tangu utotoni, ni vile tu tukivuka kwenda Kiingereza tunaliacha nyumbani.

Sasa mikia ya Kiingereza ya kuunda nomino iko na koo mbili kubwa. Ukoo wa kwanza ni wa wenyeji: -ness, -hood, -dom, -ship, na -th ya zamani ambayo imebaki kwa "truth", "warmth", "growth", "depth". Hii ilikuwepo kabla ya 1066, kabla William wa Normandy hajavuka bahari na kuiteka Uingereza. Ukoo wa pili uliingia na Kifaransa cha hao watawala wapya na Kilatini cha kanisa na vyuo: -ity, -ment, -ance, -age, -tion. Mahakama ziliendelea na Kifaransa karibu miaka 300, ni mpaka 1362 ndio ikatoka sheria ya kusema kesi ziongewe kwa Kiingereza. Kwa hivyo kwa muda wote huo mtu wa shamba alikuwa na maneno yake na hakimu alikuwa na yake, na hiyo tofauti haijawahi kuisha. "Brotherhood" na "fraternity" kwa kamusi ni jirani wa karibu sana, lakini moja unaisikia kwa watu wamekaa pamoja jioni, nyingine unaisikia kwa watu wamevaa tai. "Freedom" na "liberty" pia, moja imefunga kwa -dom ya nyumbani, nyingine kwa -ty iliyotoka Ufaransa.

Si ati ukoo mmoja ni mzuri na mwingine mbaya, na zimeoana sana, "gentle" ni ya Kifaransa lakini "gentleness" imevaa mkia wa wenyeji, "bewilder" ni ya Kiingereza lakini "bewilderment" imevaa wa wageni. Ninachosema ni kwamba sikio la msomaji wa Kiingereza linajua, hata kama yeye mwenyewe hawezi kukueleza.

Halafu kuna sauti yenyewe. Tamka "curious" kwa nguvu, halafu tamka "curiosity". Mkazo ulikuwa mwanzo wa neno, umehama ukaenda ndani. Ndivyo -ity hufanya, inavuta mkazo kuja karibu yake, na saa zingine inabadilisha hata konsonanti, "electric" inaisha na k, ukiweka "electricity" hiyo k imekuwa s. Mkia -ness hausumbui mtu, unakaa nyuma kimya na neno linabaki vile lilivyokuwa. Ndio maana -ness unaweza kuibandika karibu kwa kivumishi chochote na hata kwa kikundi kizima cha maneno, na msomaji ataelewa papo hapo, lakini -ity inachagua, inapenda mashina ya Kilatini. Kwa stori hii ni kitu cha maana kwa sababu mhusika akiwa amechoka, ana haraka, au ni mtoto, mdomo wake utaunda neno jipya kwa -ness na litakubalika. Ukimpa -ity umempeleka chuo.

Zile tatu za wenyeji, -hood, -dom na -ship, zina kitu cha ziada ambacho mimi napenda sana. Zamani hazikuwa mikia, au angalau mbili za kwanza zilikuwa maneno kamili yanayojitegemea. Hood ilitoka kwa neno la Kiingereza cha kale la kusema hali ya mtu au cheo chake. Dom ilikuwa hukumu, sheria, na ndugu yake bado yuko hai kwa Kiingereza cha leo, ni "doom". Ship ina undugu na "shape". Kwa hivyo "childhood" si umri tu, ni hali mtu anaishi ndani yake, na "kingdom" ni eneo ambalo hukumu ya mtu mmoja inafika. Mwalimu Nyerere alipoandika mwaka 1962 kuhusu ujamaa na akatafuta neno la kuwapa wasomaji wa Kiingereza, alitumia "familyhood". Angeweza kuchukua neno la -ism peke yake aachie hapo, na hilo la usoshalisti alilitumia pia kwa maandishi hayo hayo, lakini kwa moyo wa jambo alienda kwa -hood, mkia wa hali ya watu, na mimi naona alisikia vizuri sana.

Twende sasa mahali pananiuma, kupotea kwa mtendaji. Nitaandika sentensi mbili za Kiingereza kuhusu asubuhi moja ambayo watu wengi Nairobi wanaijua, ile ya vibanda kubomolewa. Ya kwanza: "Men came at five with hammers and broke our kiosks while my mother was still tying her leso." Ya pili: "The demolition of the structures followed the non-compliance of the occupants."

Zitazame polepole. Kwa ya kwanza kuna watu, walikuja, saa inajulikana, walishika nyundo, walivunja, na mama alikuwa katikati ya kufunga leso. Kwa ya pili hakuna mtu amevunja kitu. Kitenzi "demolish" kina lazima ya mtendaji, huwezi kusema "demolished the kiosks" bila mtu kuuliza nani, sarufi yenyewe inakulazimisha umtaje au uingie kwa kauli ya kutendwa. Ukiweka -tion hiyo lazima imeondoka. "Demolition" inajitosheleza, ni kitu kimetokea kama mvua. Na angalia pale mwisho, "non-compliance", mkia -ance umefanya kazi nyingine ya ujanja, kosa limepata mwenyewe na mwenyewe ni hao waliobomolewa, "of the occupants". Nomino mbili tu na lawama imeshahama upande.

Kwa hivyo sentensi ya pili ni mbaya? Hapana, na hapa naomba unisikie vizuri, kwa sababu ushauri wa ovyo unaozunguka ni "usitumie nomino kama hizi" na basi. Helen Sword, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Auckland huko New Zealand, aliziita mwaka 2012 nomino zombi, kwa maana zinanyonya uhai wa vitenzi, na kwa ripoti na insha yuko sawa kabisa. Lakini stori ina kitu ripoti haina, ina watu wanaoongea. Sentensi ya pili ukiiweka kwa mdomo wa afisa anayesimama mbele ya kamera saa nne asubuhi, ni dhahabu, huhitaji tena kumweleza ni mtu wa aina gani, mikia yake imemweleza. Ile ya kwanza iweke kwa mtoto wa huyo mama. Hapo umepata tukio moja na watu wawili, na hujatumia kivumishi hata kimoja kusema nani anakwepa.

Halafu kuna safu ya tatu ambayo mwandishi wa Nairobi anaisikia kuliko mwandishi wa London. Hapa mtaani hayo maneno ya -tion yameshashuka kutoka ofisini yakaingia kwa midomo ya kila mtu. Mama mboga ambaye siku nzima anaongea Kiswahili na Kikamba atakuambia wanangoja "compensation", kijana wa boda atakuambia bado "verification", watu wanasema kulikuwa na "demolition" na wanasema hivyo hivyo, katikati ya Kiswahili. Sasa mhusika akisema "The demolition took less time than the making of tea", sikiliza vile hizo nomino mbili zinagongana. "Demolition" ni neno ameletewa, amelazimika kulijua. "The making of tea" ni lake. Mkia -ing haufungi tendo kabisa, unaacha mikono ikiendelea, maji yanachemka. Tofauti hii wanaisimu wameiandikia sana, Noam Chomsky alitoa makala maarufu mwaka 1970 akionyesha kwamba nomino za -ing za aina fulani bado zinatembea kama vitenzi, zinatabirika, lakini hizi za kina "refusal" na "destruction" zimekuwa nomino kamili zenye maana zake na ukorofi wake. Mwandishi wa stori hahitaji nadharia yote, anahitaji kujua tu kwamba -ing inaacha mlango wazi kidogo na -tion inaufunga.

Kuhusu -ness nina jambo zito zaidi. Heart of Darkness ya Joseph Conrad, riwaya fupi kuhusu safari ndani ya Afrika, ilitoka kwa vipande kwa jarida la Blackwood's mwaka 1899, ikawa sehemu ya kitabu mwaka 1902. Conrad alizaliwa Mpolandi, Kiingereza kilikuwa lugha yake ya tatu baada ya Kipolandi na Kifaransa, na kwa hilo namheshimu kwa sababu wengi wetu hapa tunaandika kwa lugha ya tatu pia. Lakini soma hicho kichwa kama fundi wa maneno. "Dark" ni kivumishi, kinahitaji kitu cha kukisifu. Chumba ni dark, njia ni dark, na ukisema hivyo mtu anaweza kukuuliza chumba kipi, saa ngapi, mbona hamna taa. Bandika -ness na hiyo sifa imejitoa kwa chumba, imekuwa kitu kinachosimama peke yake, kina uzito, kina upana, unaweza kukipa hata moyo. Hakuna tena wa kuulizwa taa. Na bara zima linawekwa ndani ya hicho kitu. Chinua Achebe alisimama Chuo Kikuu cha Massachusetts mwaka 1975 akalalamika kwamba kitabu hicho kimeifanya Afrika mandhari tu ya nyuma, na Mwafrika kama binadamu ameondolewa. Yeye hakuwa anaongea mofolojia, yaani vile maneno yanaundwa, hii hatua ni yangu, lakini mimi nikisoma naona -ness ikishiriki: ukishageuza sifa ikawa mahali, watu wa mahali hapo hawana haja ya kuonekana mmoja mmoja.

Ndiyo sababu nikiona "the loneliness", "the emptiness", "the hopelessness" zimepangwa foleni kwa stori kuhusu Mathare au Turkana, huwa nauliza mwandishi swali moja tu, ni nani mpweke? Mpe jina. Mara nyingi jina likiingia -ness inatoka yenyewe.

Mikia ya watu nitaipitia kwa haraka isipokuwa pale kwa -ee. Mkia -er unachukua tendo na kulifanya kuwa mtu: "He drinks" inaweza kuwa jana na leo, "He is a drinker" umeshamhukumu, na sisi tunajua hiyo tofauti kwa sababu amelewa si sawa na mlevi. Mkia -ee ndio mtamu. Ulizaliwa kwa Kifaransa cha mahakama za Uingereza, ukiwataja wale waliotendewa, "payee", "employee", na ni pacha wa -wa yetu: mwajiri na mwajiriwa, "employer" na "employee". Baadaye ukaanza kuteleza, "escapee" ni yule aliyetoroka mwenyewe, hakuna aliyemtorosha. Lakini kiini chake bado ni kutendewa, na hapa Kenya tuna mfano ambao sijaona bora, ingawa ni vitabu vya kumbukumbu na si riwaya. J.M. Kariuki alitoa kitabu mwaka 1963 kuhusu miaka yake kwenye kambi za wakati wa Hali ya Hatari, kichwa chake 'Mau Mau' Detainee. Ngũgĩ wa Thiong'o alitoa chake mwaka 1981 kuhusu kufungwa kwake na serikali ya Kenya huru, kichwa Detained. Kitenzi ni kilekile. "Detainee" ni aina ya mtu, serikali imekuundia jina na umelibeba kama namba ya shati. "Detained" si mtu, ni kitu kilifanywa, na mara moja unauliza kilifanywa na nani. Herufi mbili kwa mbili, na vitabu vinakutazama kwa macho tofauti.

Kuna pia kuunda maneno mapya kabisa, na hapa riwaya za Kiingereza zimekula raha. Lewis Carroll mwaka 1865, kwa ile stori ya Alice, anamfanya Kasa wa uongo ataje masomo ya hesabu aliyosoma shuleni kwake baharini, na badala ya "multiplication" kuna "uglification". Alice anashangaa, anasema hajawahi kuisikia, na Gryphon, mhusika mwingine aliye hapo, anamrudisha kwa "beautify": kama unajua hiyo, hii nyingine unapaswa kuijua. Ni somo zima la viambishi kwa mistari michache. Chukua "ugly", -ify inaifanya kitenzi, -cation inaifanya nomino, na kwa sababu inatamkwa kama neno la darasani inapita kama la darasani. "Boredom" pia ilikuwa neno changa Charles Dickens alipoitumia mara kadhaa kwa Bleak House, 1852 hadi 1853, akimwandika Lady Dedlock, mke wa tajiri anayechoka na kila kitu. Na -dom pale imekaa vizuri kuliko mkia mwingine wowote, kwa sababu uchovu wa huyo mama una mipaka na nyumba na watumishi, ni himaya anaishi ndani yake.

Upande wa pili, mkia -th umekufa. Huwezi kuunda neno jipya nao likakubalika, watu wamejaribu "coolth" na haikushika. Lakini yale maneno yake ya zamani, "death", "truth", "birth", ni mafupi na mazito, na mwandishi anayemaliza aya kwa mojawapo anajua anafanya nini.

Nikipitia drafti ya mtu huwa natumia njia hii: naweka mstari chini ya kila nomino yenye mkia, halafu kwa kila moja naigeuza kitenzi au kivumishi na kuuliza nani. Kama jibu lipo kwa stori na mwandishi alilificha bila sababu, tunarudisha kitenzi. Kama jibu lipo na mhusika ndiye anayelificha, tunaacha, hata tunaongeza. Kama hakuna jibu kabisa, hiyo nomino ilikuwa imeziba shimo na hapo kuna kazi ya kufanya, tukio halijawazwa bado. Wengine huniuliza basi vichwa vya stori je, maana huko nomino za hivi zimejaa na zinakubalika. Zinakubalika kwa sababu kichwa kinaweza kumficha mtendaji kwa makusudi na kuacha kitabu kizima kimtafute. Jane Austen ana Persuasion, iliyotoka Desemba 1817 miezi michache baada ya yeye kufariki. "Persuade" inadai watu wawili, anayeshawishi na anayeshawishiwa, lakini -ion imewaondoa wote wawili. Unafungua kitabu, unakuta mhusika mkuu Anne Elliot alishawishiwa na Lady Russell, rafiki wa familia, akiwa na miaka 19 avunje uchumba na Wentworth, unadhani umeshapata jibu. Halafu baadaye kidogo anakuja Louisa, msichana anayejivunia kwamba yeye hashawishiki, anaambiwa asiruke kwenye ngazi za pale Lyme, anaruka, anaanguka vibaya, na hiyo nomino ya kichwani inabidi uanze kuipima upya.